Malalamiko Kuhusu Mabomba Mapya Aliyopewa Shemeji Yangu

Kwako Mwalimu wa Bendi ya Kiwanda cha Sabuni,

Nakuandikia kwa heshima zote, nikiwa nimeketi, nimekunywa maji, na hasira zimeshuka kiasi cha kuweza kushika kalamu. Mimi ni mpiga tarumbeta wako wa pili, yule wa idara ya kufungasha. Jumamosi hii binti yangu anaolewa, na bendi yetu ndiyo itakayomwingiza ukumbini. Juzi ulitupima, mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, nyuma ya chumba cha kukaushia sabuni, ili upate mmoja wa kupiga peke yake bibi harusi anapoingia. Ukamchagua yeye. Sipingani na masikio yako, Mwalimu. Napingana na mabomba, kama ifuatavyo:

1. Bendi ilipata mabomba mapya ya tarumbeta moja tu: lile la mdomoni linalopokea pumzi, na lile lililopinda linalofuata, ambalo mtu hulivuta nje au kulisukuma ndani mpaka sauti yake ilingane na ya wenzake. Kamati ikampa shemeji kwa kuwa ndiye mpiga wa kwanza. Mimi nikaambiwa langu litasuguliwa ling'ae. Yaani mwenye njaa kapewa kioo ajitazame.

2. Matarumbeta yaliporudi kutoka kwa fundi, niliyalinganisha. Kusema kweli sikuwahi kuyachunguza kabla ya hapo, maana mpiga tarumbeta hutazama mbele. La shemeji, pale bomba linapopinda, lina kona mbili. Langu limepinda mviringo kama mpini wa ndoo. Papo hapo nikajua lipi ni jipya. Sote tunakumbuka kwamba sabuni yetu ilikuwa ya mviringo zamani, ikapata kona tulipoletewa mashine za kisasa. Maendeleo yana kona.

3. Kitaalamu, kona huifunza pumzi adabu. Pumzi ikifika pale hupunguza mwendo, ikajifikiria, ikatoka ikiwa sauti. Kwenye mviringo pumzi yangu inateleza tu, kama mtu aliyekanyaga bidhaa zetu bafuni. Wewe mwenyewe ulisikia. Nilipuliza kwa nguvu zangu za siku zote, ile sauti ya juu ikapasuka, na mpiga ngoma kubwa akainama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba.

4. Madhara yameingia hadi nyumbani. Nilipomweleza mke wangu habari ya kona, alinijibu kwamba kaka yake alikuwa akipiga vizuri tangu utotoni, tena kwa mpira wa kumwagilia bustani. Huu ni upendeleo wa damu, na naomba uingizwe katika kumbukumbu za kamati.

5. Bibi harusi naye. Nilimkuta anajaribu viatu vyake sebuleni, akitembea toka kabatini hadi mlangoni na kurudi. Nikamweleza kwa utulivu kwamba baba yake ameonewa, na kwamba nitakata rufaa mpaka nipige mimi. Alisimama, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Akasema, "Baba, ukipiga wewe, mimi nitashikwa mkono na nani?" Nikamwambia avae kwanza kiatu cha pili. Lakini maneno kama hayo hayamjii mtoto hivihivi. Lazima ametiwa na mjomba wake.

6. Kwa hiyo ni dhahiri kwamba bomba moja lenye kona limeigawa bendi, limemgeuza mke, na limemtia binti maneno mdomoni. Tukilinyamazia, kesho litaingia kwenye uzalishaji. Naomba basi shemeji avuliwe mabomba yale nifungiwe mimi. Ikishindikana, matarumbeta yote ya bendi yafanywe mabovu kwa usawa. Na hilo nalo likishindikana, harusi iahirishwe hadi mabomba mengine yapatikane. Bwana harusi ni kijana mwelewa, japo bado sijamwambia.

Nifikishie salamu kwa wanabendi wote, kwa mama watoto wako, na kwa mpiga ngoma kubwa, ambaye nimemsamehe. Shemeji msalimie kwa kifupi.

Ni mimi, mwenye pumzi nyingi na bomba baya,
Mpiga Tarumbeta wa Pili

Nyongeza: Nilipokuwa natafuta bahasha, fundi wa matarumbeta amepita kuuliza kama mabomba mapya yamenikubali. Mimi. Kumbe shemeji alimwendea kabla kazi haijaanza, akamwambia ayafunge kwenye tarumbeta langu, lake alisugue tu. Alisema dada yake anaoza binti, na asingependa baba mtu ahangaike kuhema mbele ya wakwe. Akamwomba asinieleze. Fundi anasema kona ndizo za zamani. Haya yangu ya mviringo ni laini kwa ndani, na pale yanapoungana hayana ukingo wa kuikwaza pumzi, kwa hiyo hayataki kupulizwa kwa nguvu. Kwa maneno yake, nimekuwa nikiupiga kumbo mlango ulio wazi, halafu naushangaa mwanguko.

Nimekwenda jikoni nikapuliza taratibu, kama mtu anayepoza uji. Sauti ya juu imetoka nzima. Nimeirudia, si kwa majivuno, ni kwa uchunguzi.

Naomba shemeji apige yeye, ila apige kwa tarumbeta langu. Mimi siku hiyo nitakuwa nimemshika binti yangu mkono. Tafadhali asijue kwamba wazo limetoka kwangu. Aambiwe ni adhabu.