Jinsi Sikuli Alivyomvusha Mgeni Mmoja Mpakani

Enyi mnaolijua vumbi jeusi la Goma, tulizeni ndimi, tueni vikombe, mpate habari ya Sikuli, karani wa baraza la chuo, simba wa mafaili, aliyeingia vitani Jumamosi moja ya mwaka wa sabini na nane asirudi nyuma.

Siku hiyo baraza lilijaza fomu iliyotoka Kinshasa: chuo kimepiga hatua gani katika uhusiano na mataifa? Chuo kisicho na mgeni kwa mwaka wa pili kingefungwa, na karani wake angerudi Butembo kuuza vitunguu vya shemeji yake. Sikuli akasoma barua tisa alizowaandikia wakuu wa vyuo vya ng'ambo. Hakuna aliyejibu hata moja.

Mwenyekiti, Muzee Birindwa, akanguruma: "Citoyen Sikuli, barua si mutu! Mwaka jana tuliandika zéro. Utuletee mugeni tumuone na macho, mbele ya saa kumi, ama tuandike zéro tena na tuagane!"

"Muzee, naenda! Nisiporudi naye, kiti yangu mupatie mutu mwingine!"

Mgeni alikuwa mmoja tu, Mukandori, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, aliyevuka kila siku kwa miguu kutoka Gisenyi, Rwanda, kuja darasani. Sikuli akaushinda mpaka, akamkuta kwao, jikoni.

"Papa, maharagi haiyaiva bado. Mama aliniachia. Siwezi kuyaacha hata kwa président wa dunia."

Ole! Saa tisa na nusu. Hapo shujaa akavua koti lake la abacost, akaifunga nalo sufuria inayochemka, akaikumbatia, akatangulia. Mpakani afisa wa forodha akafunua, akaonja, akasema chumvi ni kidogo, akawapisha.

Wakaingia zikisalia dakika mbili. Baraza likasimama. Mukandori akahesabiwa mara mbili, kwa uhakika. Kisha fomu ikauliza mgeni amefaidi nini.

"Ni leo tu mutu wa chuo amefika kwetu," akajibu Mukandori. "Na amenibebea sufuria."

Sikuli aliona haya, kisha fahari, akaandika neno kwa neno.

Likabaki swali la mwisho: maendeleo kwa asilimia, kutoka mgeni sifuri wa mwaka jana hadi mmoja. Mwalimu wa hesabu alifuta na kuandika, akatoka jasho, akaketi. "Haiwezekani, Muzee. Kugawa na zéro, hesabu inakataa."

"Basi andikeni," akatangaza Birindwa, "kwamba hesabu ya dunia muzima imeshindwa na Sikuli!"

Ikaandikwa. Na chuoni pale miaka ikagawanyika mafungu mawili: iliyomtangulia Mukandori, na iliyomfuata.