Kamati ya Kupima Miili ya Washairi

Serikali ya wilaya, kwa mapenzi yake makubwa kwa fasihi, ilitangaza kwamba kuanzia Jumatatu hakuna shairi litakalochapwa mjini Madurai, kusini mwa India, kabla mwili wa aliyelitunga haujapimwa. Wananchi walikuwa wameteseka vya kutosha na washairi wasiofanana na mashairi.

Viwango vilikuwa viwili tu, kurahisisha huduma. Mshairi mwanamume: kifua cha simba, nywele za wingu la masika. Mshairi mwanamke: uso wa mwezi, macho ya samaki, shingo ya kombe la baharini. Jicho la samaki liliazimwa kutoka Idara ya Uvuvi, likawekwa kwenye beseni la barafu pamoja na risiti yake.

Poongodi alikuja na jasmini kichwani na shairi moja kwenye bahasha. Alipozaliwa waliandika mvulana, naye kwa miaka kumi na tisa amekuwa akiomba karatasi ya serikali inayosema yeye ni mwanamke. Haijatoka. Sasa kitabu cha mashairi cha wilaya kilikuwa kinakwenda kwa mpiga chapa saa kumi jioni, naye alitaka kitu kimoja tu: jina lake, Poongodi, chini ya shairi lake, mama yake alisome macho yangali yanaona.

Karani Rukkumani, mtu asiyeruka hata nukta, akamzungushia futi ya fundi cherehani shingoni.

“Dada, hapa pana kongomeo, limetokeza kama la mwanamume.”

“Hata kwenye shairi limo. Soma mwenyewe.”

Karani akasoma kama anayesoma bei ya vitunguu: “Shingoni nina kokwa, sikuitema, nimeivisha mkufu.”

Mwenyekiti wa Kamati, Mkurugenzi Chidambaranathan, akatikisa kichwa kwa huruma ya kiserikali.

“Kombe halina kokwa. Tutarekebisha shingo, na chini tutaweka lile jina lako la zamani. Utakuwa mwanamume aliyeandika vizuri kuhusu mwili wa mwanamke. Wasomaji wamezoea.”

“Mheshimiwa, huyo mwanamume hayupo. Nimemtafuta utoto wangu wote nimrudishie suruali zake.”

“Basi kaa kwenye benchi mpaka uelewe.”

Poongodi akakaa. Baada ya kitambo akamwita karani.

“Kitendawili!”

“Tega,” akanong’ona Rukkumani.

“Anapimwa kila siku, nguo hajapata.”

“Nimeshindwa.”

“Nipe mji.”

“Chukua Chennai, ukapunge upepo.”

“Ni mimi.”

Rukkumani akaziba mdomo kwa ncha ya sari, akarudi kwenye mafaili yake. Akayahesabu mara mbili.

“Samahani, Mheshimiwa. Lipo shairi ambalo mtunzi wake hajapimwa. La ufunguzi. ‘Nguruma, Ewe Kifua Changu.’”

“Hilo ni langu.”

“Ndiyo, Mheshimiwa. Waraka unasema kila mtunzi.”

“Nani aliandika upuuzi huo?”

“Wewe, Mheshimiwa. Ukapiga na mstari chini yake.”

Kazi ni kazi. Futi ilianza kifuani, ikateremka yenyewe tumboni, ikakataa kupanda tena. Halafu ncha yake ya bati ikanasa kwenye wingu la masika, wingu likang’oka zima zima, likatua juu ya barafu ya Idara ya Uvuvi. Kichwa cha Mkurugenzi kiling’aa kama sufuria ya harusi.

“Kiwango cha mwanamume: hapana,” akaandika karani. “Fomu hairuhusu kuacha nafasi wazi.” Akafungua ukurasa wa pili, wa wanawake. Uso: mwezi mpevu, hakuna ubishi. Macho: yalikuwa yamemtoka, akayalinganisha na lile la kwenye beseni, sawasawa. Shingo: kongomeo halikuonekana, kwa kuwa shingo yenyewe haikuonekana. Akagonga muhuri.

“Hongera, Mama Mkurugenzi.”

“Nakata rufaa!”

“Rufaa husikilizwa na Mwenyekiti wa Kamati.”

“Mwenyekiti si ndiye mimi!”

Rukkumani akalamba kidole, akafunua kanuni. “Hapa, Mama. ‘Mwenyekiti sharti awe mwanamume.’ Na kiti kikiwa wazi, mashairi yote yaliyoko mezani huenda kwa mpiga chapa kama yalivyoandikwa.”

Akalitia la Poongodi kwenye furushi, jina, kokwa, mkufu na vyote, akatoka nalo mbio. Ilikuwa saa kumi kasoro robo.

Poongodi akasogea kidogo kwenye benchi.

“Kaa, dada yangu, usilie. Mimi karatasi hiyo naililia mpaka leo. Wewe umeipata kwa dakika kumi, na hata hukuiomba.”

Mkurugenzi akakaa, akajifuta uso.

“Na wakikukosea,” akauliza kwa sauti ndogo, “huwa wanachukua muda gani kurekebisha?”

Poongodi akaanza kuhesabu kwa vidole. Vya mikono vikaisha. Akavua ndara.