Nasoro na Proteini Zinazotii Taa

Nasoro alikuwa ananyolewa ndevu sokoni Uvira redio ilipomletea riziki. Watafiti, mtangazaji alisema, wametengeneza proteini zinazotii mwanga: wanaziingiza kwenye seli za kansa, wanawasha taa, seli zinakufa. Akaongeza kwamba kazi hiyo bado iko maabara, kwa panya. Lakini hapo Nasoro alikuwa ameshatoka, shavu moja na povu. Mambo ya panya hayakumhusu.

Kufika saa sita alikuwa daktari. Koti jeupe aliazima kwa muuza nyama, taa ya buluu kwa mbadilisha feza anayeitumia kukagua dola bandia. Proteini? Beseni la ndagala, wale dagaa wakavu. Ziwa, Mungu ashukuriwe, liko jirani.

Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa Bénédicte, mkulima wa Mutarule, mwenye uvimbe kwenye titi na karatasi ya kwenda kupasuliwa Bukavu. Alikuja kuuza gunia la mchele apate nauli, na mchele haukuwa na mnunuzi.

"Kisu cha nini, mama?" Nasoro alimwuliza kwa huruma. "Kula hizi ndagala siku tatu. Kisha miye nawasha taa, kansa inakufa."

"Docta, miye nakulaka ndagala tangu utoto. Si nimeshajaa? Washa tu."

Nasoro akakohoa kisomi. "Zile zako hazijafunzwa kutii."

Bénédicte aliitazama taa, akalitazama koti na damu yake ya mbuzi.

"Basi sikia. Bukavu kuko bamama kumi na wawili wa chama chetu, wote iko na uvimbe, na mabwana zao iko na feza. Lakini bila miye, weye hawatakuamini."

Kumi na wawili! Moyo wa Nasoro uliwahurumia wote kwa mpigo. Akamlipia Bénédicte kiti cha mbele garini, akamnunulia mishikaki na soda njiani, pale Luvungi, mwenyewe akasafiri nyuma, gunia la mchele magotini.

Bukavu, Bénédicte alimwingiza kwenye lango la hospitali. "Wanangoja ndani."

Muuguzi alisoma karatasi. "Garde-malade, wa kumuuguza, ni nani? Aache kadi yake. Atarudishiwa siku mgonjwa atakapotoka."

"Ni huyu, kaka yangu."

Nasoro, akidhani ndivyo wagonjwa matajiri wanavyofikiwa, alitoa kadi kwa mikono miwili. Kisha akanong'ona, "Na wale kumi na wawili?"

"Docta," Bénédicte alisema, "kansa iko moja tu. Ni hii yangu."

Angeweza kupiga kelele. Lakini aseme ameibiwa nini? Muuguzi akamkabidhi ndoo ya kumfulia mgonjwa.

Kesho yake mpasuaji alitoka akasema uvimbe wote umeondolewa, na mgonjwa anapumua vizuri. Nasoro alisikia kitu kikimlegea kifuani. Akadhani ni njaa.

Jioni Bénédicte alifumbua macho, akaonja kijiko cha kwanza cha uji aliopika Nasoro.

"Kaka, uji huu hauna sukari."

Nasoro akaenda kununua.