Bastola ya Koplo Mmanga

Alhamisi, 7 Machi 1957
Wewe uliyelifungua daftari hili, nakusihi kwa haki ya wazee wako: usimwambie mtu hata neno moja.
Leo, barazani Malindi, Koplo Mmanga aliinama kuchukua kikombe cha kahawa. Chini ya kanzu, bastola! Naye hayuko zamu. Sheria naijua, mimi ndiye karani wa vibali vya silaha: askari akitoka zamu huiacha bastola ghalani, ila awe na barua ya mkubwa wake. Barua hizo hupita mezani kwangu. Yake haijapita. Wajibu wangu ni kumshitaki. Lakini Mmanga ni kaka yake Mwanapili, binti ninayetaka kumuoa. Nikamnong'oneza: nitanyamaza, naye anisemee posa kwa baba yake. Akacheka, akauliza tangu lini panya akamshika paka mkia. Lakini akakubali.

Ijumaa, 8 Machi
Ole wangu! Nilisali msikitini kando ya Mmanga, nipate kumkumbusha ile posa. Tulipokwenda sujudi, bastola ikamchomoka kikoini, ikalala mkekani baina yetu. Safu nzima imeiona. Nani akate sala? Tukasali, chuma kinatutazama. Baada ya salamu Mmanga akasema kwa sauti: "Karani Shamsi, umeangusha kitu chako." Nami, kwa adabu niliyolelewa, nikajibu: "Ahsante."
Ahsante! Nikaitia ndani ya kanzu. Raia, hana kibali, silaha kaificha: hiyo ni jela. Kanuni hiyo nimeipiga taipu mwenyewe.

Jumamosi, 9 Machi
Nimeirudisha kwao ndani ya kapu, juu yake mikate ya mofa. Mmanga akaipokea bila ya kunitazama. Kisha baba yake, Mzee Mkadam, akaniita. Shikamoo yangu hakuiitikia. Akasema alikuwa ameshaamua kunipa Mwanapili, bila ya kuombwa na mtu, kwa kuwa mimi mwoga, na mwoga hulala nyumbani kwake. Sasa basi. Hamwozi binti yake mtu anayemwendea Mungu na bastola. Mmanga akautazama mkeka. Nami nikaokota kapu langu. Nyuma ya pazia Mwanapili alicheka, au alilia. Sikuthubutu kusikiliza.

Jumatatu, 11 Machi
Bwana Mkubwa wa ofisi yetu kasikia. Kesho nimwoneshe kibali changu, la sivyo kazi sina. Laiti ningesema kweli palepale mkekani!
Lakini nimepata njia. Nitajaza ombi kwa jina langu, kwa tarehe ya wiki iliyopita. Sababu: kujilinda. Mdhamini anatakiwa awe mtu mwaminifu wa serikali. Nimemwandika Koplo Mmanga.
Ukiwa na shauri, njoo ofisini asubuhi, dirisha la mwisho. Usiniite kwa jina, kohoa tu. Usiponiona, ulizia Kilimani, mlango wa jela. Watakuelekeza.