Uzinduzi wa Nyumba ya Kutotolea Viwavi wa Hariri

Mheshimiwa Podesta, liwali wetu, macho na masikio ya Venisi hapa mjini kwetu, Baba Paroko, waheshimiwa wanachama wa Akademia ya Wachunguzi wa Asili, wenye mashamba ya miforosadi inayolisha viwavi wetu, wakubwa kwa wadogo, na nyinyi akina mama mliosimama kule nyuma na vifuko vyenu kifuani: itifaki imezingatiwa. (Makofi kutoka safu ya mbele.)

Mimi, Konte Prosdocimo Valmarin, Katibu wa Kudumu wa Akademia, nasimama kwa unyenyekevu mkubwa, ambao wenzangu wameusifu mara nyingi, kuzindua Nyumba ya Kitaalamu ya Kutotolea Viwavi wa Hariri. Tangu enzi za bibi zetu, mayai ya viwavi hao yametiwa katika vifuko na kupashwa joto vifuani mwa wanawake, ambao hulala nayo, husali nayo na hugombana na waume zao nayo, jambo ambalo, kwa mtazamo wa kisayansi, linavuruga joto. (Kicheko cha akina mama.) Kufuatia upembuzi yakinifu, na mchakato shirikishi uliowahusisha wadau wote wenye ndevu, tumeazimia kwamba kuanzia leo joto litatolewa na jiko la kisasa lenye kipimajoto, na mavuno ya hariri yatapanda kwa asilimia sitini, au zaidi, kutegemea hali ya hewa.

Sasa, lipo suala la Bi Orsola Tessaro. Mama huyu ameomba uanachama, kwa hoja kwamba ni yeye aliyetenga nondo wagonjwa na wazima, kizazi baada ya kizazi, mpaka akapata mbegu isiyoshikwa na ule ukungu mweupe uliotumalizia viwavi mwaka juzi, mbegu ambayo leo ndiyo tegemeo la mji mzima. Hatubishi. Tumeisoma taarifa yake, tukaipenda, na mimi nikaitia sahihi yangu. (Minong'ono.) Lakini katiba yetu inataja viti, haitaji sketi, kwa hiyo Kamati imempa heshima ya kusikiliza vikao akiwa mlangoni. Akina mama, leteni vifuko.

(Hakuna anayesogea.)

Ndiyo, Bi Orsola, nakusikia.

(Bi Orsola: "Konte, mayai yameshaanza kuwa meupe, kesho kutwa yanaanguliwa. Nionyeshe hilo jiko niyaweke.")

Swali zuri, la kiutendaji. Jiko, mama, limo katika hatua ya mchoro. (Podesta anageuka kitini.) Linasubiri kuta, kuta zinasubiri kiwanja, na kiwanja kinasubiri mimi na shemeji yangu tuelewane.

(Bi Orsola: "Basi nayamwaga hapo mezani, yapigwe na upepo. Au nipewe kiti. Chagua, mwanangu, nimesimama tangu asubuhi." Wenzake wanaanza kufungua vifungo.)

Tusiharakishe vifungo, akina mama. Baba Paroko, geuka. Akademia, katika kikao cha dharura nilichokifanya sasa hivi kichwani mwangu, imeridhia kwa kauli moja. Karibu, Mwanachama Orsola. Viti vimekwisha, keti hapa pangu. (Anampisha. Bi Orsola anaketi, kifuko chake kingali kifuani. Makofi marefu kutoka nyuma.)

Sayansi, juu! (Kimya.) Hariri, juu! (Juu!) Bi Orsola... (Juu! Juu!) Naona hili mmelianza wenyewe.

Nawashukuru nyote kwa kuja kushuhudia uzinduzi wa Nyumba ya Kutotolea, ambayo, kama mnavyoiona, imekwisha kuketi. Tafadhali fungeni dirisha, isipigwe na baridi.