Pweza na Pete Yangu ya Ndoa

Jumatatu, tarehe 3
Siku ya kumi na tisa ya ndoa. Naam, nahesabu! Jana tulitazama filamu ya mzamiaji aliyefanya urafiki na pweza. Pweza akamshika mkono. Mke wangu, nuru ya macho yangu, akalia hadi foronya ikalowa. Akasema mwanamume anayeaminiwa na kiumbe asiye na mfupa ana moyo wa pekee. Mimi nimempelekea chai kitandani siku zote hizi, hajatoa chozi hata moja! Nimeamua. Nitapendwa na pweza.

Jumanne, tarehe 4
Shemeji, kaka wa mke wangu, huzamia bandarini kukwangua uchafu ulioganda kwenye matumbo ya meli. Nikamwuliza, kijuujuu tu, pweza wanakaa wapi. Akacheka hadi akashika ukuta. Akasema mimi hata kwenye beseni nahitaji mtu wa kunishika. Wivu huo! Mwishowe akanielekeza kwenye mwamba mmoja, maji yakipwa yanafika magotini. Akanionya pweza ni mdokozi, nisiende na kitu king'aacho. Maneno ya mtu asiyejua mapenzi.

Alhamisi, tarehe 6
NIMEMPATA! Kazini nimesema naumwa jino. Amejibanza tunduni, jicho moja nje. Nikampa kipande cha samaki. Akakipokea, akanitemea maji usoni. Ana haya. Nami nilikuwa hivyo hivyo siku ya kuposa.

Ijumaa, tarehe 7
Ameniamini! Nilinyoosha mkono kama yule wa filamu. Mnyiri wake laini ukajizungusha kidoleni mwangu, taratibu, kama anayepima. Nikalia ndani ya miwani ya kuzamia. Aliporudi tunduni, kidole kilikuwa kitupu.
Pete! Aliyonivisha mke wangu mbele ya ukoo mzima!
Nimerudi nyumbani na plasta kidoleni. Mpenzi wangu amekibusu kidonda kisichokuwepo. Ole wangu, lakini busu tamu jamani!

Jumamosi, tarehe 8
Njia ya mwongo fupi. Asubuhi akataka kubadilisha plasta. Akaona. Kisha akauliza huyo mwanamke ni nani. Nikasema si mwanamke, ni pweza. Akasema hata uongo una adabu yake, akashusha begi lake kutoka juu ya kabati.
Nikampigia shemeji magoti. Tukaenda mwambani wote watatu. Shemeji akaingiza mkono tunduni mpaka kwapani, akaibuka na pete, uso mweusi kwa wino. Mke wangu akacheka hadi akalia. AKALIA! Shemeji akasema, “Dada, mume umepata. Akili tutamwazima.” Begi limerudi juu ya kabati. Pete mke wangu ameifungia hadi nitulie.

Jumapili, tarehe 9
Nimetulia kabisa. Jambo moja tu linanichoma: rafiki yangu amenyang'anywa zawadi bila hata kwaheri. Minyiri minane, yote mitupu! Urafiki gani huo?
Mke wangu amejilaza mchana huu, mzuri kama siku ya harusi. Bangili yake iko mezani. Inang'aa mno.
Nitaiazima nusu saa tu.