Marehemu wa Ukutani

Kwa maelezo yake mwenyewe, kinyozi alizaliwa ufukweni, akaogelea kabla hajatambaa, na hakukuwa na jengo la kale katika mji ule wa pwani lisilomfahamu. Ukweli ni kwamba alikuwa amefika pale mara moja tu, kwa siku mbili, zote akazimaliza kitandani akiharisha. Lakini mtu akishapenda, ukweli unamhusu nini!

Mchumba wake, mshonaji wa mapazia, alikuwa amemwonya mapema.

"Baba atatoa jibu la posa leo leo. Tembea naye vizuri, usijitie ujuaji."

"Mimi? Ujuaji?" kinyozi akashangaa, tena kwa dhati.

Baba mtu alikuwa mzee mpole mwenye kofia ya ukili na maneno ya kuhesabika. Tangu washuke kwenye basi alikuwa amesema "Marahaba" na "Haya", basi. Kinyozi akaona amepewa uwanja mzima peke yake.

Wakaanzia ufukweni. Mchumba akakunja gauni, akaingia majini hadi magotini, akamwita mwogeleaji wake. Mwogeleaji akachovya kidole kimoja cha mguu, kiwimbi kikamrukia, akarudi nyuma hatua tisa.

"Maji ya leo mepesi," akamweleza mzee. "Sisi wenyeji hatuyaogi."

"Haya," akasema mzee.

Wakaingia mtaa wa majumba ya wakoloni, yenye veranda pana na madirisha marefu. Kinyozi akayagawia wenyewe: hili la gavana, lile la mdogo wake gavana, lile la mpishi wa mdogo wake gavana. Mbele ya la nne akaeleza kwa kirefu mkataba wa amani uliotiwa saini humo, mpaka mama mmoja akatoka na beseni la nguo, akawaomba wasogee, wamesimama chini ya kamba yake.

"Jua limempata, baba," mchumba akamtetea.

Hatimaye wakafika kwenye ngome ya zamani, juu ya bahari. Ndani, ukutani, palikuwa na alama ya kiganja iliyozama kwenye plasta, kidole cha mwisho kikiwa nusu. Kinyozi hakuwahi kuiona alama ile maishani mwake, kwa hiyo alikuwa na mengi ya kusema juu yake.

"Hiki ni kiganja cha askari, miaka mia tatu iliyopita," akatangaza, na wageni kama kumi wakasogea kusikiliza. "Kidole kilikwenda na mzinga. Akauegemea ukuta plasta ikiwa mbichi, akafa hapa hapa. Kijana mbichi! Hakuacha mke, hakuacha mtoto."

Mwanamke mmoja akafuta machozi. Kinyozi kuona machozi, akalewa. Akawaomba wote wasimame kimya dakika moja kwa heshima ya marehemu. Wakasimama. Hata mzee alivua kofia.

Dakika ilipokwisha, mzee akavaa kofia yake, akausogelea ukuta, akaweka mkono wa kulia juu ya ile alama. Ukaingia kama mguu kwenye kiatu chake. Kidole cha mwisho kilikuwa nusu. Kinyozi alikuwa ameupokea mkono ule mara mbili tangu asubuhi, ila kwa mazoea ya kazi yake alikuwa ametazama kichwa tu.

"Ukuta huu ulibomoka kwa mvua nikiwa kijana," mzee akasema taratibu. "Tuliletwa waashi kumi na wanane kuujenga upya. Msimamizi alitukataza kuandika majina, basi kila aliyemaliza kipande chake aliacha kiganja. Kidole kilikwenda na nyundo." Akawageukia wageni. "Marehemu anawashukuru."

Wageni wakaangua kicheko, na yule aliyelia akawashinda wote. Mchumba aliuma ncha ya mtandio, mabega yakimcheza. Kinyozi aliona aibu mpaka masikio yakamwasha.

Njia nzima ya kurudi hakutaja jengo hata moja. Kituoni, basi lilipokuwa linapakia, akajikaza kiume.

"Baba, samahani. Na lile jibu?"

Mzee akamtazama kwa huruma ya kweli.

"Jibu gani, mwanangu? Si nilikufa bila kuacha mtoto? Sasa unataka kumwoa binti wa nani?"